Nani Katoboa Majani ya Mzee Presha

Watoto wengine huzaliwa wanalia. Mzee Presha, kwa maneno yake mwenyewe, alizaliwa anauliza koki kuu iko wapi. Ukimbishia anakutajia mashahidi, na mashahidi wote walishatangulia mbele ya haki.

Kazi yake ni ufundi bomba. Jina la Presha alipewa na wateja, maana kwake kila ugonjwa wa nyumba una sababu moja. Bafu halitoi maji? Presha ndogo. Bomba limepasuka? Presha kubwa. Mume na mke hawaongei? "Hiyo nayo presha. Mmoja afungue koki kidogo, itashuka." Shule aliiacha mapema. Darasa gani, hataji. Anasema tu kwamba walimu waliishiwa cha kumfundisha, wakamwomba kwa upole apishe wengine. Lakini mpeleke kwenye nyumba inayovuja. Ataweka sikio ukutani, afumbe macho, asogee hatua moja, asogee tena, halafu aseme, "Hapa." Ukivunja hapo, maji haya hapa. Mzaha wote unaishia pale.

Nyuma ya nyumba yake, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani, alipanda maboga. Tuseme ukweli: mbegu alipanda mkewe. Presha alileta vipande vya bomba vilivyobaki kazini, akavitoboa kwa msumari wa moto, akavipitisha kwenye kila shina, maji yakawa yanadondoka tone kwa tone mchana kutwa. Maboga yakanenepa kama watoto wa tajiri. Majani yakawa mapana kama sinia, yakapanda ukuta, yakaanza kuchungulia kwa jirani. Kuanzia hapo yakawa maboga ya Presha. Mkewe alicheka tu.

Mgeni akija, hata aliyekuja kuuliza njia, lazima apelekwe nyuma akaonyeshwe.

"Gusa hapo," Presha anamwambia.

Mgeni anagusa jani, anarudisha mkono haraka. Jani la boga lina vijinywele vigumu, vinakwaruza.

"Umemwona askari? Huyo ni wa getini. Sasa mwone wa ndani." Anavunja kikonyo cha jani. Linatoka tone la utomvu, linasimama, na kabla mgeni hajamaliza kushangaa limeshakuwa zito, linanata kama gundi. "Mdudu akiuma hapa anagandishwa mdomo. Nimewaona kwa macho yangu, viwavi wamekufa midomo imeziba kama bomba lililomwagiwa saruji. Na kuna mwenye bahati atakayemeza, atakutana na uchungu ambao hata adui yako humuombei. Boga langu halinunuliwi dawa, bwana. Linajipigania lenyewe."

Haya yote ni kweli, ndiyo maana yalimponza.

Upande wa pili wa ukuta anakaa fundi viatu, mtu mpole, mrefu, ambaye mtaa mzima unamwita Kisigino. Kibanda chake cha kazi kiko pale kwenye kona ya barabara, chini ya bati moja. Yeye na Presha wametaniana miaka na miaka mpaka watoto wao wakaona utani hautoshi, wakapendana. Binti wa Presha anashona kwenye kiwanda cha nguo. Kijana wa Kisigino anauza mbegu na dawa za mimea dukani. Wazazi wa pande zote walikuwa wameridhia. Kilichobaki ni Jumapili ya wiki ile, Kisigino na mkewe waje kwa Presha, wanywe chai, wapange siku ya ndoa. Wazee walishaanza kuitana mkwe hata kabla ya siku kupangwa.

Siku moja Kisigino alisimama upande wake, akayaangalia yale majani, akasema, "Mkwe, ningepata majani yako mawili tu, ningekata soli za jeshi zima."

Presha alicheka mpaka akakohoa. Baadaye akaja kuyakumbuka maneno hayo vibaya.

Maana asubuhi moja, alipokwenda nyuma kupiga mswaki, aliyakuta majani yametobolewa. Yangekuwa yametafunwa ovyo ovyo kama karatasi mdomoni mwa mbuzi, angeelewa. Haya yalikuwa na matundu ya mviringo, safi, kila moja upana wa kizibo cha soda. Jani hili matatu, lile matano, la juu kabisa limekuwa kama chujio. Presha alitoa wosha mfukoni, ile pete ya raba ya kuzibia koki anayotembea nayo, akaipachika kwenye tundu. Ikakaa kama imezaliwa pale.

"Mama watoto! Njoo uone uhalifu."

Mkewe alikuja anafuta mikono. Akaangalia. "Wadudu hao."

"Wadudu gani? Mdudu anakula kama mlevi, popote mdomo unapoangukia. Hili ni duara. Mdudu ana bikari? Duara ni kazi ya fundi."

"Sasa fundi gani atakuja kukata majani ya boga?"

"Halafu fikiria. Askari wa getini yupo. Gundi ipo. Uchungu upo. Mdudu apitie wapi? Huyu aliyefanya hivi hakutumia mdomo. Ametumia chuma." Akatazama ukuta. "Nani mtaa huu ana chuma cha kutobolea mviringo?"

"Baba wee," mkewe alisema, "usiniharibie Jumapili."

Kijana wa Kisigino alipita jioni ile kumsalimia mchumba wake, na kwa heshima akaombwa maoni kama mtu wa duka la mimea. Aliangalia jani alilopewa, akasema, "Baba, hii inaweza kuwa ni mdudu aliyelizoea boga."

"Atazoeaje sumu?"

"Hazoei yeye peke yake, baba. Boga likitengeneza uchungu, wadudu wengi wanalikimbia au wanakufa. Ila hapo katikati akitokea mmoja mwenye ujanja wa kuukwepa, huyo anashiba na kuzaa, na watoto wanazaliwa na ujanja ule ule. Zikipita enzi na enzi, unakuta kuna mdudu ambaye sumu ile haimsumbui tena. Mmea unaongeza silaha, mdudu anaongeza ujanja. Hawajamaliza ugomvi wao mpaka leo."

"Na wewe unauza dawa ya huyo mdudu?"

"Ndiyo, baba, ipo dukani."

"Basi. Muuza majeneza hawezi kukwambia mgonjwa atapona." Kijana alipoondoka, Presha alimgeukia mkewe. "Umemsikia anavyomtetea baba yake? Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Huyo nyoka ndiye mkwe wako," mkewe alijibu, akaondoka na vyombo.

Kesho yake Presha alikata jani lenye matundu mengi kuliko yote, akalishika mkononi kama mtu anayepeleka barua, akaenda mpaka kwenye kona. Wateja walikuwepo. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi, vijana wawili na viatu vyao vya mpira, na mama mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja kwa sababu kiatu cha pili kilikuwa mikononi mwa Kisigino.

"Karibu mkwe," Kisigino alisema bila kuinua kichwa. "Kiatu kinadai nini?"

"Nipe kile chuma chako cha kutobolea."

"Unataka kutoboa nini?"

"Nataka kukipima na matundu ya majani yangu."

Kisigino aliinua kichwa. Alimtazama Presha, akatazama jani, akadhani ni utani, akampa. Chuma kilikuwa chembamba, cha matundu ya kamba za viatu. Kwenye tundu la jani kilielea kama mtoto kwenye koti la baba yake.

"Hiki sicho," Presha alisema. "Kile kikubwa umekificha wapi?"

"Kikubwa sina."

"Utasema unacho? Kisigino, mimi nakujua. Tangu maboga yangu yaanze kusifiwa hujalala. Unachungulia ukutani kama fisi kwenye bucha. Ulisema mwenyewe kwa mdomo wako, soli za jeshi zima!"

"Ulikuwa utani, bwana."

"Mwizi wa majani huyo! Wivu tu!"

"Jamani," alisema yule mama wa mguu mmoja, "mimi nina haraka. Nipeni kwanza kiatu changu, ndipo mgombane."

Vijana wakacheka. Kisigino hakucheka. Aliweka nyundo chini taratibu, akampa yule mama kiatu chake, ndipo akageuka.

"Mzee Presha. Nimekaa kwenye kona hii nashika viatu vya watu, wananiachia na wanaondoka, na hakuna aliyewahi kurudi akakikosa kiatu chake. Leo umeniita mwizi mbele yao. Sawa. Basi Jumapili msitungoje. Nyumba ya mwizi haina cha kupanga na nyumba yako."

Akachukua kiatu kingine. Presha alisubiri aendelee kugombana, maana ugomvi una raha yake ukijibiwa. Nyundo ilianza kugonga soli. Alirudi nyumbani na jani lake.

Habari mbaya hazihitaji viatu. Binti yake alizipata kabla hajatoka kiwandani. Alipofika nyumbani hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama akipiga pasi sare yake ya kesho, upande huu, upande ule, kisha akasema bila kumtazama baba yake:

"Baba, ulimwona?"

"Nani?"

"Baba mkwe. Ulimwona anatoboa majani?"

"Sikumwona, lakini ukifikiria vizuri..."

"Ukiitwa kwenye nyumba inayovuja, baba, huwa unavunja ukuta kabla ya kuweka sikio?"

Mzee Presha, ambaye mdomo wake haujawahi kupata kiangazi, alikauka. Alitafuta neno kulia, akatafuta kushoto. Mkewe aliyekuwa anakata vitunguu aliacha kukata ili asikie vizuri huo ukimya, maana hakuwahi kuusikia.

Asubuhi, jua lilipoanza kupanda ukuta, Presha alibeba ndoo, akaipindua katikati ya maboga, akakaa juu yake. Aliamua kuweka sikio. Mkewe alimletea kikombe cha chai.

"Unamngoja Kisigino aruke ukuta?"

"Usinisemeshe, niko kazini."

Alikaa. Juu ya majani hakuna kitu. Nzi, basi. Akachoka, akajinyoosha, na katika kujinyoosha mkono wake ukageuza jani moja. Hapo ndipo alipogundua jambo la aibu kidogo: tangu maboga yaote, hakuwahi kuyatazama upande wa chini. Alikuwa anaonyesha wageni upande wa juu tu.

Chini kulikuwa na mtaa mzima. Vimayai vya njano vimesimama pamoja kama watu kwenye foleni. Vidudu vichanga vyenye miiba miiba mgongoni. Na mkubwa mmoja, mdogo kuliko punje ya mahindi, mgongo wa mviringo, rangi ya machungwa yenye madoa meusi kama amerushiwa rangi na fundi mzembe.

Presha alitaka kumponda. Kidole kilishafika. Akaona mdudu anafanya kitu, akakisimamisha.

Mdudu hakuwa anakula. Alikuwa amesimama mahali pamoja, anang'ata mstari mwembamba, anasogea kidogo upande, anang'ata tena. Mwili unanyooka, unazunguka. Polepole mstari ukapinda, ukaenda, ukarudi ulikoanzia. Duara. Palibaki nyuzi chache tu zimekishika kile kipande kisidondoke. Alipomaliza ndipo akaingia katikati, akatulia, akaanza kula kwa raha zake kama mtu aliyefika mezani kwake.

"He!" alisema Presha.

Alitoa kisu mfukoni. Akachagua jani zima, lisilo na tundu, akalichora duara kwa ncha ya kisu kama alivyoona, akaacha vishikizo vichache. Akachoma nje ya duara. Tone likatoka, likasimama, likaanza kunata. Akachoma ndani ya duara. Akasubiri. Pakavu. Akachoma tena. Pakavu kabisa, kama koki siku ya mgao wa maji.

"Amefunga koki kuu," alinong'ona.

Hapo mambo yote yakampambanukia kwa lugha anayoijua. Jani nalo lina mabomba. Utomvu uko ndani, umebanwa, una presha. Ukiuma popote, presha inausukuma mpaka pale ulipouma, na gundi yake, na uchungu wake. Sasa huyu hapigani na gundi. Anakata mabomba yote yanayoingia, kuzunguka, halafu anakula sehemu isiyo na maji. Kile kiduara alichokitafuna kikikauka, kinadondoka, linabaki tundu safi la kumgombanisha mtu na mkwewe. Hata Presha mwenyewe hakati bomba lenye maji. Atakayefanya hivyo ataoga bila sabuni.

"Mama watoto! Njoo haraka! Njoo umwone mwanafunzi wangu!"

Mkewe alikuja, akainama, akaonyeshwa duara, akaonyeshwa pakavu na penye maji. Alielewa upesi kuliko Presha alivyotaka.

"Huyu amekuzidi akili," alisema.

"Amenizidi kivipi?"

"Yeye amefunga koki kwanza, ndipo akafungua mdomo."

Furaha yote ilimshuka Presha kama maji kwenye beseni lililozibuliwa. Alisimama pale, na Jumapili ikamjia mbele ya macho, sebule tupu, chai inapoa, binti yake anapiga pasi sare.

Alikata lile jani lenye mdudu, akamfunika mdudu kwa kiganja, akaelekea kwenye kona. Njiani alijipanga. Ataingia hivi, atasema hivi, atafungua kiganja, watu watashangaa, Kisigino atacheka, yamekwisha. Hata asingehitaji kuomba radhi, ushahidi ungeomba kwa niaba yake.

Benchi lilikuwa limejaa. Kisigino alikuwa anapaka gundi soli.

"Nimemleta mwizi," Presha alitangaza, akafungua kiganja.

Watu waliinama. Kiganjani kulikuwa na kidude kimekunja miguu, kimelala chali, kama kimeshakufa. Pembeni yake kulikuwa na maji ya njano yenye harufu mbaya, yaliyotoka magotini mwa mdudu wakati wa safari.

"Huyu maiti?" aliuliza Kisigino.

"Hajafa. Anajifanya. Na haya maji ni ule uchungu wa boga, anaokula na kuuweka mwilini, ndege wasimguse," Presha alijibu. Hilo la uchungu alilitunga pale pale, lakini lilimtoka kama la mtu aliyesomea.

"Anajifanya. Na bikari yake ameiacha nyumbani?"

"Anazunguka mwenyewe, anakata mabomba ya jani. Angalia hapa, duara." Alikunjua jani. Jua lilikuwa limeshalifanyia kazi, jani limesinyaa kama kitambaa cha kupigia deki. Duara halikuonekana, wala jani lenyewe halikueleweka ni jani.

"Mwambie achore moja hapa tuone," alisema mtu wa kwenye benchi. Wakacheka. Mdudu, labda kwa kelele hizo, alifufuka, akajigeuza, akafungua mgongo, akatoa mbawa, akaruka juu ya bati na kwenda zake.

Presha alibaki na kiganja cha njano. Mdomo ulikuwa tayari kusema, "Ngojeni, nyumbani wako wengi, naleta mwingine." Kisigino alimwahi, kwa sauti ya chini.

"Presha, mimi sikuuliza nani alikula majani. Wewe ndiye uliyeuliza."

Nyundo ya mtu fulani wa mbali ilisikika ikigonga bati. Presha aliangalia benchi, akaangalia kiganja chake, akakifuta kwenye suruali.

"Nilikuita mwizi hapa hapa," alisema. "Sikuwa nimeona kitu. Hujaiba. Nisamehe."

"Huku mwisho hatujasikia!" alipiga kelele yule mtu wa benchi.

Siku nyingine angemjibu mpaka ajute kuzaliwa. Leo aligeuka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara: "Nilimsingizia. Kisigino si mwizi. Nimeomba anisamehe."

Kisigino alimaliza kupaka gundi. Akaweka soli pembeni ikauke. Akafunika kopo.

"Miaka yote hii," alisema, "sijawahi kukusikia ukisema kitu kifupi namna hiyo."

"Hata mimi kimenishangaza."

"Tutakuja Jumapili. Ila wewe hutasema neno. Atasema mkeo. Wewe utakaa tu, kama samani."

"Hata salamu?"

"Salamu utatoa. Baada ya hapo, nyamaza."

Jumapili walikuja, wamevaa vizuri, na kijana wao nyuma yao. Presha alisalimia, akakaa. Mkewe akaongea. Walipojadili mwezi, Presha alifungua mdomo, binti yake akamtazama, akaufunga. Walipojadili ukumbi, alijua kabisa mabomba ya vyoo vya ukumbi ule ni mabovu, aliyaona mwenyewe, akameza maneno hayo pamoja na chai ya moto. Jasho lilimtoka. Lakini siku ilipangwa, mama wa pande mbili wakashikana mikono, binti akainamisha kichwa akitabasamu, na Kisigino akageuka.

"Haya, mkwe. Imekwisha. Ongea."

Presha alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka ndani ya tangi. "Njoo nyuma," alisema.

Mkewe alikuwa ameshawaokota wale wadudu kwa mkono, kila asubuhi, akiwatia kwenye ndoo ya maji ya sabuni na kuyasugua mayai yao kwa kidole, na maboga yalikuwa yanachipua upya. Shina moja tu la mwisho aliliacha, kwa kuwa alijua mumewe atamleta mtu. Wazee wawili waliinama pale na nguo zao za kutokea, Presha akageuza jani pole pole, na kwa bahati fundi mmoja wa rangi ya machungwa alikuwa kazini, amefika nusu ya mzunguko wake.

Kisigino alichuchumaa. Aliangalia mstari unavyopinda, unavyorudi, unavyofunga. Aliangalia hadi mdudu alipoingia katikati na kuanza kula. Kisha akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mkwe," alisema, "kwa duara hili, hata mimi ningejishuku."